Papa Aliyekuwa Mkutubi, na Maboksi ya Vitabu Katika Korido Yetu



Wengi wenu mmeyaona maboksi yaliyopangwa katika korido ya ofisi ya parokia tangu baada ya Pasaka, na baadhi yenu mmeniuliza kama ni msaada wa nguo. La hasha. Ni vitabu. Viliachwa na padre mzee aliyeishi nasi hadi kufariki kwake, vikakaa stoo miaka mingi, nasi tukavitoa huko baada ya kugundua kwamba mchwa wameanza kuvisoma kabla yetu. Vimo vya Kiswahili, Kiingereza, Kilatini, Kijerumani na Kifaransa. Marehemu alijua mahali pa kila kimoja. Ukimwuliza habari za Mtakatifu Agustino, alinyosha mkono karibu gizani na kukitoa kitabu ulichokihitaji. Hakuandika orodha yoyote. Siku tuliyomzika, tulizika na maktaba yake, ingawa vitabu vyenyewe vilibaki juu ya ardhi.

Katika kikao cha Halmashauri Walei cha mwezi uliopita mabishano yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia. Wapo waliotaka vitabu vyote vifungiwe katika kabati la chuma ndani ya nyumba ya mapadre, na ufunguo akae nao paroko. Wengine walitaka viwekwe katika chumba kile kidogo kando ya ukumbi, kifunguliwe kila Jumapili, watu waazime. Mzee mmoja mwenye heshima zake akauliza kwa nini tunabishania vitabu wakati paa la kigango linavuja, na lazima nikiri kwamba hatukumjibu vizuri. Niliomba muda. Tafakari ya leo ni sehemu ya jibu langu, na naomba mnivumilie kwa kuwa itabidi tuzunguke mbali kidogo: tutaanzia Roma, tupite London na New York, kisha turudi kwetu.

Hoja ya kabati la chuma ina umri mkubwa. Kabla ya uchapaji kuenea, kitabu kimoja kilinakiliwa kwa mkono kwa miezi kadhaa, juu ya ngozi za wanyama, hata thamani yake ikalingana na ya shamba. Ndiyo maana katika monasteri nyingi vitabu vilitunzwa kabatini, na mmonaki mmoja akakabidhiwa dhamana yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda. Kuazimisha kulikuwepo, lakini kwa hesabu na kwa masharti.

Papa Nikola wa V, aliyechaguliwa mwaka 1447, alikuwa mpenzi wa vitabu tangu ujana wake. Kabla hajawa Papa, Cosimo de' Medici wa Florence alimwomba aandike orodha ya vitabu ambavyo maktaba nzuri yapaswa kuwa navyo. Mwaka 1451 alieleza kusudi lake la kuanzisha Roma maktaba kwa manufaa ya pamoja ya wasomi, na alipofariki mwaka 1455 aliacha takriban vitabu 1,200. Papa Sixtus wa IV ndiye aliyeipa kazi hiyo umbo la kudumu kwa hati ya tarehe 15 Juni 1475. Aliipatia maktaba vyumba, fedha, na mkutubi mwenye wasaidizi watatu. Mkutubi huyo aliitwa Bartolomeo Platina, na historia yake haikuwa ya mtu mtulivu: mwaka 1468 Papa Paulo wa II alimtupa katika gereza la Castel Sant'Angelo kwa tuhuma za njama, na huko aliteswa. Miaka michache baadaye mfungwa huyo wa Papa mmoja akawa mkutubi wa Papa mwingine. Picha aliyoichora Melozzo da Forlì, ikimwonyesha Platina amepiga magoti mbele ya Sixtus, ingali katika makumbusho ya Vatikano hadi leo.

Nampenda Platina kwa sababu ya madaftari yake. Katika hesabu zake za matumizi tunakuta mifagio, mikia ya mbweha ya kupangusia vumbi, na majani ya mreteni ya kufukizia vyumba. Vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye madawati. Hata hivyo viliazimwa, na daftari la waazimaji limehifadhiwa mpaka leo: jina la mtu, kitabu alichochukua, na siku alipokirudisha. Mara nyingine kitabu kiliondoka pamoja na mnyororo wake. Mwanzoni mwa daftari Platina aliweka onyo kwamba atakayechelewesha kitabu au kukirudisha kimeharibika atajipatia ghadhabu na laana ya Papa. Tazama basi: mnyororo, laana na daftari vilikaa pamoja. Waliogopa wizi kama tunavyouogopa sisi, na bado waliazimisha.

Hatua nyingine kubwa ilichukuliwa Milano. Kardinali Federico Borromeo alifungua Maktaba ya Ambrosiana tarehe 8 Desemba 1609. Mwandishi Alessandro Manzoni, katika riwaya yake mashuhuri kuhusu Milano ya karne ile, anaeleza kwamba Kardinali aliagiza kila mgeni apewe vitabu anavyoomba, apewe na kiti cha kukalia, karatasi, kalamu na wino, wakati ambapo katika maktaba nyingine zenye sifa vitabu havikuonekana hata kwa macho, bali vilifichwa kabatini na kutolewa kwa huruma ya wenye funguo. Kiti na wino! Huenda mambo hayo yakaonekana madogo. Lakini mtu asiyepewa mahali pa kukaa hujua mara moja kwamba hakualikwa.

Ni katika maktaba hiyohiyo alipoingia, mwaka 1888, padre mmoja mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa akifundisha seminarini Milano. Jina lake Achille Ratti. Alikuwa mtu wa mwili imara. Mwaka uliofuata alipanda mlima Monte Rosa kwa njia ngumu na kuvuka pito ambalo hakuna aliyekuwa amelivuka kabla yake. Katika maktaba alijifunza kazi chini ya Antonio Ceriani, mtaalamu wa lugha za mashariki, na Ceriani alipofariki mwaka 1907 Ratti akawa mkuu wa Ambrosiana. Baadaye aliitwa Roma, na mwaka 1914 akawa mkuu wa Maktaba ya Vatikano badala ya Mjesuiti Franz Ehrle. Kwa ujumla alitumia takriban miaka 30 ya upadre wake kati ya rafu za vitabu. Kisha mambo yakaenda mbio: mwaka 1918 alitumwa Poland, mwaka 1921 akawa Askofu Mkuu wa Milano, na tarehe 6 Februari 1922 akachaguliwa kuwa Papa, Pius wa XI.

Sasa, kabla hatujaona alichofanya akiwa Papa, sharti tupite London, kwa kuwa huko ndiko tatizo lililomsumbua Ratti lilikokuwa limepatiwa dawa.

Tatizo ni hili. Chukueni mwandishi mmoja tu, Mtakatifu Agustino. Kwa Kilatini ni Augustinus, kwa Kiitaliano Agostino, kwa Kiingereza Augustine, kwa Kifaransa Augustin. Ikiwa kila anayepokea kitabu anaandika jina kama alivyoliona kwenye jalada, basi Agustino mmoja atakuwa watu watano katika orodha, na msomaji atakayempata mmoja hatajua kwamba wanne wengine wapo. Nilipokuwa mseminari nilipewa kazi ya kusaidia maktabani, na kwa uzembe wangu mwenyewe nilikiandikia kitabu kimoja jina nililoliona jalada la nje bila kutazama ndani. Mwalimu mmoja alikitafuta kitabu hicho muhula mzima. Kilikuwa mita mbili kutoka kiti chake.

Aliyelitafakari jambo hili kwa kina alikuwa Mwitalia mkimbizi, Antonio Panizzi. Alikimbia nchi yake kwa sababu za kisiasa, akahukumiwa kifo mwaka 1823 akiwa hayupo, na mwaka 1831 akapata kazi katika British Museum, London. Mwaka 1836, akiwa mbele ya kamati ya bunge la Uingereza, alitamka kwamba anataka mwanafunzi maskini awe na nafasi ya kufuatilia elimu ileile aliyonayo tajiri mkubwa kuliko wote katika ufalme, na kwamba serikali inao wajibu wa kumsaidia katika hilo. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa idara ya vitabu vilivyochapwa, na mwaka 1841 zikachapishwa kanuni zake 91 za kutayarisha katalogi. Watu walimcheka. Kanuni 91 kwa ajili ya kuandika majina ya vitabu! Tume ya kifalme iliundwa kuchunguza mambo ya makumbusho hayo, na Panizzi alilazimika kueleza mbele yake kwa nini orodha ya vitabu si kazi ya karani yeyote mwenye mwandiko mzuri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukutubi ulipoanza kuwa taaluma: pale mtu alipodai kwamba elimu ya mahali kitabu kilipo isikae kichwani mwa mtunzaji, bali iwekwe katika kanuni ambazo mtu mwingine, asiyemjua wala kumwona, anaweza kuzifuata na kufika palepale.

Mmarekani Melvil Dewey aliiongezea taaluma hiyo namba na shule. Mwaka 1876 alichapisha mpango wake wa kuzigawa elimu zote katika mafungu kumi kwa namba, na mwaka huohuo Chama cha Wakutubi cha Marekani kikaundwa Philadelphia. Januari 1887 akafungua shule ya kwanza ya ukutubi katika Chuo cha Columbia, New York. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa 20, na 17 kati yao walikuwa wanawake, jambo lililowaudhi wakuu wa chuo ambacho hakikuwa na desturi ya kuwapokea. Mwaka 1889 shule ikahamia Albany. Nisifiche upande wa pili: Dewey aliwabagua Wayahudi na aliwasumbua wanawake kwa mwenendo usiofaa, na mwaka 2019 chama hichohicho alichosaidia kukianzisha kiliondoa jina lake katika nishani yake. Hata namba zake zina upendeleo. Katika fungu la 200, lililo la dini, karibu nafasi yote wamepewa Wakristo, na ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani zetu mlango kwa mlango, wamebanwa katika namba 297. Apangaye vitabu naye ana macho yake, na macho hayo yana makengeza yake.

Turudi Roma. Papa Leo wa XIII alikuwa amewafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka za Vatikano mwaka 1881, na Ehrle akaandaa chumba cha rejea ambamo msomaji aliweza kuchukua kitabu mwenyewe kutoka rafuni. Lakini vitabu vilivyochapwa, vilivyokuwa vingi mno, havikuwa na katalogi moja. Palikuwa na orodha za mkono za nyakati mbalimbali, na palikuwa na wazee waliojua. Ratti aliijua aibu hiyo kwa ndani, maana yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliojua.

Mwaka 1927 Papa Pius wa XI alikubali msaada wa Mfuko wa Carnegie wa Amani wa Marekani. Wafanyakazi wa Vatikano walitumwa Marekani kujifunza ukutubi, na mwaka 1928 kikundi cha wataalamu kikaja Roma kikiongozwa na William Warner Bishop wa Chuo Kikuu cha Michigan. Miongoni mwao walikuwa Charles Martel wa Maktaba ya Bunge la Marekani na J. C. M. Hanson, mzaliwa wa Norway. Hebu fikirini: maktaba ya Mapapa, yenye hati za karne nyingi, ikaenda kujifunza kwa taifa ambalo halikuwa limetimiza miaka 200. Sijui wangapi kati yetu tungekubali. Mwaka 1931 zikachapwa kanuni za katalogi za Vatikano, ambazo baadaye zilitafsiriwa na kutumiwa na maktaba za nchi nyingine.

Mwaka huohuo, tarehe 22 Desemba, sehemu ya jengo la maktaba iliporomoka. Watu watano walifariki na maelfu ya vitabu yakafukiwa katika kifusi. Nimetaja jambo hili kwa makusudi, kwa ajili ya mzee wetu wa paa linalovuja. Hana kosa. Maktaba bila paa ni kaburi.

Miongoni mwa waliotumwa Marekani alikuwamo Igino Giordani, ambaye wale wenu mlio katika Harakati ya Focolare mnamfahamu kama mmoja wa waanzilishi pamoja na Chiara Lubich. Alirudi kuongoza kazi ya katalogi. Na mezani karibu naye, kuanzia mwaka 1929, aliketi mtu mwembamba mwenye miwani, Alcide De Gasperi. Alikuwa kiongozi wa chama kilichovunjwa na Mussolini, alifungwa mwaka 1927 na kuachiliwa mwaka 1928, akabaki bila kazi kwa kuwa waajiri waliogopa. Maktaba ya Vatikano ilimchukua, kwanza kama kibarua tu, akawa anaandika kadi. Ni mwaka uleule ambapo Papa huyohuyo alifikia mkataba wa Laterano na serikali ya Mussolini, nami nawaachia wanahistoria wayapatanishe mambo hayo mawili. De Gasperi alikaa maktabani zaidi ya miaka kumi, na Desemba 1945 akawa Waziri Mkuu wa Italia iliyokuwa magofu. Mwaka 1934 ikafunguliwa pia shule ya ukutubi ya Vatikano, ambayo iliwapokea mapadre, watawa na walei.

Nimeutaja mwaka 1931 mara mbili. Unahitaji kutajwa mara nyingine mbili. Mwaka huo mtaalamu wa hisabati wa India, S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, alichapisha kitabu chake cha sheria tano za ukutubi, na ya kwanza inahusu kutumika kwa vitabu, si kutunzwa kwake. Na mwaka huohuo ilifunguliwa Nairobi Maktaba ya McMillan, jengo zuri la nguzo za mawe ambalo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kanuni za Panizzi zilikuwamo humo, namba zilikuwamo, rafu zilikuwamo. Mlangoni palikuwa na rangi ya ngozi.

Kwetu Afrika Mashariki maktaba ya mtu wa kawaida ilianzia, naomba mcheke kidogo, katika maboksi. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka vijijini maboksi ya vitabu vya kuazimwa. Mwaka 1963 Makerere ikapata shule ya ukutubi kwa ajili ya nchi zetu zote, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya huduma za maktaba Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Leo wakutubi wetu husomea hapahapa nchini, Bagamoyo, mji ambao wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868.

Na mmoja wa waliosomea huko ni binti wa parokia yetu. Alikuja ofisini wiki mbili zilizopita, akanikuta nimejitahidi kuanza orodha mwenyewe. Aliisoma kwa heshima, kisha akasema, “Baba Paroko, samahani, umeandika ‘dini’ mbele ya kila kitabu. Mtu akitaka vya ndoa atafanyaje?” Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo anakuja kila Jumamosi na vijana wawili wa VIWAWA. Kila kitabu kinafunguliwa ndani, jina la mwandishi linaandikwa kwa namna moja, kichwa cha kitabu, mada, namba, na mahali kilipo rafuni. Agustino amekuwa mmoja.

Hivyo basi, maoni yangu nitakayoyapeleka kikaoni ni haya. Vitabu vikae chumba cha kando ya ukumbi. Ufunguo akae nao binti huyo pamoja na katibu wa Halmashauri, asikae nao paroko, maana mapadre huhamishwa na wengine hufa. Daftari la waazimaji liwepo tangu siku ya kwanza. Vichache vilivyo vya zamani sana na dhaifu viende katika kabati la chuma, na hapo ndugu zangu wa kabati watakuwa wamepata haki yao. Mchango wa paa la kigango usiguswe hata shilingi moja. Tunachohitaji ni madawati mawili yaliyo stoo, daftari, na dawa ya mchwa. Kikao ni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, na mwenye maoni tofauti aje aseme.

Jambo moja la mwisho. Ndani ya vitabu kadhaa tumekuta maandishi ya marehemu kwa penseli, yakionyesha kwamba vitabu vingine vya mfululizo huohuo viliazimwa na waamini wa hapa, vingine tangu enzi za ujenzi wa kanisa. Majina tunayo, ila hatutayasoma matangazo ya Jumapili. Anayejua kwamba anacho kitabu nyumbani akilete ofisini siku yoyote, hata kama kimepoteza jalada, hata kama aliyekiazima alikuwa marehemu babu yake. Laana ya Platina haitamhusu.